Jina Kabla ya Nukta

Saa tatu asubuhi, Januari, mjini Võru,
na giza bado halijaamua kuondoka.
Theluji imeganda dirishani kama malai.
Mkaguzi wa Tallinn anataka maziwa ya mwaka mzima,
lita kwa lita, ng'ombe kwa ng'ombe,
kwenye lahajedwali, kabla ya Ijumaa.

Naiambia kompyuta: nipe jedwali la maziwa.
Inajibu: jedwali hilo halipo.
Halipo vipi, nami naliona!
Liko kwenye orodha, la nne toka juu,
na ndani yake yumo Maasik, yumo Mustik,
yumo Lehik aliyempiga daktari teke mwezi wa Machi.
Naandika tena, herufi moja moja.
Halipo.

Vikombe viwili vya kahawa vilipita ndipo nikaelewa:
lipo, ila si langu.
Kila jedwali humu lina mwenyewe,
na mwenyewe ni Ülo Mõttus,
aliyeyachonga kwa miaka kumi na tisa
kisha akaondoka siku ya kikao cha Novemba,
kwa sababu ya ujira wa usiku mmoja wa Juni
ambao bodi ilisema hakuwa kazini.
Aliacha funguo, kikombe, na kiti kilichobonyea.
Jina hakuliacha, lilibaki lenyewe,
limeng'ang'ania kila jedwali kama kupe.

Sasa ukitaka chochote, sharti umtaje kwanza.
Si Ülo, maana mashine haivijui vile vitone viwili vya juu,
bali ylo, herufi ndogo, bila ukoo,
kisha nukta, kisha unachokitaka:
ylo.piim, ndiyo maziwa,
ylo.vasikad, ndama,
ylo.volad, madeni.

Mimi, ambaye tangu Novemba ile
nikimwona mjini navuka barabara,
mimi niliyenyoosha mkono pamoja na bodi
(sikutaka; lakini niliunyoosha),
leo nimemtaja mara thelathini na saba
kabla ya chakula cha mchana.

Kusoma, naruhusiwa. Kuchukua, hapana.
Lahajedwali nalo lina macho mafinyu:
huona tu vitu vya yule aliyefungua mlango,
na mlango nimeufungua mimi, Virve.
Kijana mmoja wa Tartu akanishauri kwa simu:
badilisha umiliki, mama, amri moja tu,
yote yatakuwa yako.
Kidole kilikuwa kimeshagusa kitufe.
Nikaona miaka kumi na tisa ikifutwa jina kwa mstari mmoja,
na mikono ile ikiinuka tena mezani,
wangu ukiwamo.
Nikakiondoa kidole.

Badala yake nikatoboa dirisha.
Nyumba yake, dirisha langu:
jedwali la kivuli, jina langu mbele,
halina hata tone la maziwa ndani,
linachungulia kwake na kusimulia linachokiona.
Lahajedwali likaja, likasoma Virve, likaridhika,
likaanza kuteka.
Safu elfu kumi na moja.
Likazila sifuri za mwanzo kwenye namba za masikio;
lita 12.5 likazigeuza kuwa siku,
hata ikawa, kwa mujibu wa ukurasa wa pili,
Maasik alikamuliwa asubuhi moja
akatoa tarehe kumi na mbili Mei.
Nikacheka peke yangu ofisini. Nikarekebisha hadi usiku.

Ijumaa faili likaenda Tallinn.
Jumamosi, foleni ya mkate mweusi,
mgongo ule mbele yangu, kofia ile ya sufu ya kijani.
Ndani ya duka hakuna barabara ya kuvuka.

"Ülo," nikasema,
na vitone vyake vyote viwili.

Akageuka taratibu, akanitazama,
akautazama mkate aliokuwa ameushika.
"Huu mwezi wa wakaguzi," akasema.
"Maasik ameshakutolea Mei?"

"Tarehe kumi na mbili," nikamjibu.